Shangazi, kile kivuli si cha maiti

Shikamoo Shangazi.

Bahasha uliyomrudisha nayo mtoto juzi, yenye ile sura yako niliyoikata kwa karatasi nyeusi, imefika. Na ujumbe pia umefika, neno kwa neno, maana mtoto huyo hajui kuficha: "Kamwambie amenikata sina macho, na mimi sijafa." Nilicheka, kisha nikaumia kidogo. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua binti yako atakusomea, na kwa sababu nusu ya mtaa wetu wa Ngamiani wananiuliza swali hilohilo.

Macho hayapo kwa kuwa kazi yenyewe haina pa kuyaweka. Ni karatasi nyeusi, mkasi mdogo, na mstari mmoja unaoshuka toka kwenye paji la uso mpaka shingoni. Mtu akitazamwa ubavuni, anajulikana kwa paji, pua, mdomo na kidevu, basi. Ukipitiliza unene wa uzi hapo juu ya mdomo, umeshamkata jirani yake. Nawe ulinipa mtihani zaidi: ushungi. Wazungu walioikuza kazi hii walikuwa na nywele, kola na mariboni ya kuchezea. Kwako nilibaki na kijisehemu cha uso kifupi kuliko kidole changu cha shahada. Ndiyo maana niling'ang'ania ule mkunjo unaosimama juu ya paji lako, pale unapochomeka pini. Binti yako aliuona huo tu akasema, "Mama huyu," hata puani hajafika.

Unakumbuka ulivyonifundisha kukata barazani kwako, pembeni ya cherehani? Kitambaa kilale, mkasi utembee. Nimelazimika kukuasi. Huku mkasi unatulia, karatasi ndiyo inayozungushwa na mkono wa kushoto, taratibu, kama unamenya chungwa bila kukata ganda. Wiki za mwanzo kila pua ilitoka na kona kama bati la paa. Ila lile onyo lako la kutofunga mkasi mpaka nchani bado nalifuata. Ukifunga, ukingo unaota meno.

Kama uliona ni kitu cha bei chee, hapo hujakosea. Jina lake la Kizungu, silhouette, limetokana na Étienne de Silhouette, waziri wa fedha wa Ufaransa mwaka 1759, aliyebana matumizi mpaka vitu vya rahisi vikaitwa kwa jina lake. Ilikuwa picha ya asiyeweza kumlipa mchoraji. Na wakataji hawakuwa mabwana wote. Moses Williams alizaliwa mtumwa Marekani, akakata sura za watu kwenye jumba la makumbusho la Charles Willson Peale, Philadelphia. Mwaka 1803 peke yake alikata zaidi ya 8,000. Yeye alitoa kichwa katikati ya karatasi nyeupe, kisha tundu lile likawekewa karatasi nyeusi kwa nyuma. Picha ni tundu, Shangazi! Kichwa chenyewe kinabaki takataka, kama vile vipande vya vitambaa chini ya meza yako. Huyo ndiye ungemgombeza, si mimi.

Mimi namfuata zaidi Auguste Edouart, Mfaransa aliyekunja karatasi ikawa tabaka mbili ili mkato mmoja utoe sura mbili. Moja alimpa mteja, nyingine aliibandika kwenye daftari lake pamoja na jina na tarehe. Mwaka 1849 meli aliyopanda ikavunjika karibu na kisiwa cha Guernsey, madaftari mengi yakaenda na maji. Huwa nikimfikiria naangalia kabati langu kama kuna panapovuja.

Umeshaelewa ninakokwenda. Nami nilikunja. Hiyo uliyoirudisha ni moja tu, ya pili iko kwenye daftari, na tarehe nimeandika.

Lakini kidevu siridhiki nacho, hilo nakubali. Njoo Jumamosi baada ya Alasiri, ukae pale dirishani, nikukate upya. Vaa ushungi uleule. Ila safari hii usije na kashata mdomoni, maana kile kidevu hakikutulia hata kidogo.