Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo: kibali kisitolewe kabla lori halijakaguliwa

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi,
Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma.

YAH: SHERIA YA USTAWI WA WANYAMA MINADANI

Mheshimiwa, shikamoo.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19, ipo tangu mwaka 2008. Inakataza kumtesa mnyama, kumbebesha kupita uwezo wake na kumsafirisha kwa mateso. Sheria nzuri, lakini mnadani haijulikani. Muulize dalali kiwango cha ushuru, atakujibu hapo hapo. Muulize kuhusu hii, atakuuliza ilipita lini.

Siku ya mnada njoo jioni, bila msafara, muda wa kupakia. Ng'ombe wanapandishwa kwa fimbo, na anayegoma anapindwa mkia. Ndani wanafungwa pembe kwenye bomba, wamebanana, kisha wanaanza safari ya mnada wa Pugu, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400. Akianguka mmoja njiani, wenzake wanamkanyaga, na utingo anamchokoa kwa mti kutoka juu. Nilimwuliza mmoja kwa nini wanajaza hivyo. "Mzee, si wanaenda kuchinjwa?" Sawa, wanachinjwa. Ila nyama iliyovilia damu inakatwa na kutupwa, na hasara hiyo inarudi kwenye bei tunayopewa sisi wafugaji.

Siombi sheria mpya. Lori halitakiwi kusafirisha mifugo bila kibali, na kibali kinasainiwa na mtaalamu wa mifugo. Basi kabla ya saini alikague: ng'ombe wangapi kwa ukubwa wa lori lile, sakafu ina mchanga wasiteleze, kuna mgonjwa au mwenye mimba kubwa, watanyweshwa wapi. Likikosa, lishushe. Makosa na adhabu zake yabandikwe getini, kando ya viwango vya ushuru.

Hapa nisikufiche. Mtaalamu huyo ni kijana mmoja mbele ya wafanyabiashara wenye fedha na simu za wakubwa. Akizuia lori la tajiri, kesho anaweza kujikuta amehamishwa. Mpe waraka wenye saini yako na askari wa kusimama naye, la sivyo unamtuma vitani mikono mitupu.

Punda ni habari nyingine, maana kibali cha lori hakiwafikii. Mwaka 2024 Umoja wa Afrika ulipiga marufuku kuwachinja kwa ajili ya ngozi, na tulishukuru. Lakini huku Chamwino na Bahi utamkuta punda anavuta mkokoteni wa madumu ya maji, kamba imemla bega hadi nyama nyekundu, na dawa aliyopakwa ni oili chafu ya gari. Huyo anamhitaji ofisa mifugo wa kata, na ofisa anahitaji pikipiki na mafuta.

Anza na mnada mmoja tu wa hapa Dodoma, kwa miezi mitatu. Lori la kwanza likizuiwa, habari itafika minada mingine kabla ya waraka wako.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mfugaji, Dodoma