Mdogo wangu, yai na sindano ya surua wapi na wapi?

Nimekupigia mara tatu hupokei, najua umeninunia, basi nakuandikia hapa hapa na wengine wasome maana wenye hofu kama yako wako kibao.

Siku mtoto alivyoonjeshwa kiini cha yai nilikuwepo. Kijiko cha pili hata hakijaisha, mara midomo imevimba, shingoni mabaka mekundu utadhani kapakwa upupu. Mama naye akadakia eti alishasema, mtoto akila mayai anakuwa mwizi (mama jamani!). Ile ni aleji kweli, wala sibishi, na mayai usimpe mpaka daktari aseme. Ila kutoka hapo ukaruka kliniki ya miezi tisa kisa sindano ya surua rubela "ina yai", hapo ndo tunagombana.

Sikia. Virusi vya chanjo nyingi za surua vinakuzwa kwenye seli za kifaranga ambaye hajaanguliwa, sio kwenye ute wala kiini, na protini ya yai inayobaki humo ni kidogo mno, ndo maana watoto wenye aleji ya yai, hata ile kali, wanachomwa kama wenzao. Zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 alizokwisha kupata hazina yai kabisa na hukulalamika. Hata ya mafua, ambayo inakuzwa ndani ya mayai yenyewe, CDC, ile taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, tangu msimu wa 2023-24 haidai tena tahadhari ya ziada kwa mwenye aleji ya yai. Ya kuuliza kwanza ni ya homa ya manjano, hiyo inabaki na yai la kuweza kuleta shida. Kwetu Bongo haimo kwenye ratiba ya watoto, ila mkienda kwa baba yake Uganda, ambako ipo, mwone daktari kabla.

Surua yenyewe inaelea hewani hadi masaa mawili mgonjwa akishaondoka chumbani, na hapo kwenu vyumba sita korido moja, choo kimoja.

Jumanne nakupitia saa moja asubuhi. Nesi tutamwambia habari ya aleji, aandike kwenye kadi, tumuulize kama adrenalini, ile dawa ya dharura ya aleji kali, ipo, halafu tunakaa kwenye benchi nusu saa tukimwangalia mtoto. Kadi usiisahau, mara ya mwisho niliiona chini ya pampasi kwenye lile begi la bluu.