Malalamiko kuhusu breki zisizofika kwenye rimu na ushauri wa kuzikwangua kwa tupa

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Nairobi.

Bwana/Bi.,

KUH: KALIPA MBILI ZA BREKI NA KIBADILISHA GIA CHA NYUMA VISIVYOLINGANA NA AGIZO LANGU

Nawaandikia kuhusu vipuri vya baiskeli ya barabarani nilivyonunua dukani kwenu na kuvilipia kwa M-Pesa. Nimeambatisha stakabadhi, nakala ya mazungumzo yetu ya WhatsApp na picha za breki zikiwa zimefungwa kwenye fremu. Suala hili nimekwisha kulieleza kwa mdomo kwenye kaunta, kisha kwa fundi wenu. Majibu niliyopewa ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Fremu yangu ni ya chuma, ya mtindo wa zamani, na iliundwa ili ibebe tairi nene pamoja na madigadi. Haina mahali pa kufungia breki za diski. Inahitaji kalipa za kubana rimu, yaani mikono miwili inayobana ukingo wa gurudumu kwa vipande vya raba, na katika kalipa hizo kipimo kinachoamua kila kitu ni kimoja: umbali kutoka katikati ya tundu la bolti hadi katikati ya ile sehemu ya rimu inayobanwa na raba. Kalipa za kawaida za baiskeli za mashindano hufika milimita 39 hadi 49. Zile za mkono mrefu zaidi, ambazo fremu kama yangu ilitengenezewa, hufika 47 hadi 57. Fremu yangu ni milimita 52 mbele na 54 nyuma. Niliwatumia vipimo hivyo, pamoja na picha ya rula ikiwa imewekwa kwenye foku (uma unaoshika gurudumu la mbele), kabla sijatuma hata shilingi moja. Mhudumu wenu akajibu kwa neno moja: "Zitaingia."

Kuingia ziliingia. Bolti ilipita tunduni vizuri, na hata nati mlizoleta zilikuwa sahihi, jambo ninalowashukuru kwalo. Lakini breki kuingia kwenye fremu ni jambo moja, na kufika kwenye rimu ni jambo lingine. Zilizoletwa ni za 39–49. Nikishusha raba hadi mwisho kabisa wa upenyo wake, ule ufa wa mkono wa kalipa ambamo raba hufungwa, breki ya mbele bado inapungukiwa milimita tatu na ya nyuma milimita tano. Picha ya nne inaonyesha vizuri: sehemu ya chini ya raba ya nyuma inagusa rimu, na sehemu ya juu inasugua ubavu wa tairi. Ubavu ndio sehemu nyembamba kuliko zote. Ukisuguliwa kila mara breki inaposhikwa, nyuzi zake huchanika na tyubu hutoka nje na kupasuka, na hilo hutokea wakati ule ule mwendeshaji anapojaribu kusimama.

Nilipomwonyesha fundi wenu, alinishauri nichukue tupa nirefushe upenyo wa raba "kidogo tu". Naomba mlisome jambo hili kwa makini, kwa sababu ndilo kiini cha malalamiko yangu. Chini ya upenyo huo hapajabaki nyama ya kukwangua milimita tano. Mikono ya kalipa ni alumini iliyofuliwa kwa umbo na unene uliokadiriwa kustahimili nguvu ya kubana. Ukiupunguza unene huo kwa tupa, mkono unaweza kukatika wakati umekaza breki kwa nguvu zote. Kupelekewa kipuri kisicho sahihi naweza kukuelewa, maana maboksi hufanana. Ushauri huu sikubaliani nao hata kidogo, na nina hofu kwamba kuna mteja mwingine aliyeupokea na kuufuata.

Mimi huteremka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu. Anayeijua barabara ile anajua ukungu wake, malori yanayojikokota, na matatu zinazoyapita kwenye kona. Hapo mtu anategemea breki mbili na uangalifu wake, basi.

Niliporudi mara nyingine nilipewa mapendekezo mawili. La kwanza lilikuwa nibadilishiwe nichukue breki za V, zile za baiskeli za mlimani. Breki hizo hufungwa kwenye vijiti viwili vilivyochomelewa ubavuni mwa foku, na foku yangu haina vijiti hivyo. Picha yake mlikuwa nayo tangu mwanzo. Tena, hata ingekuwa navyo, leva (vishikio vya breki kwenye usukani) za baiskeli ya barabarani huvuta waya mfupi kuliko breki za V za kawaida zinavyohitaji, kwa hiyo leva ingegonga usukani kabla raba hazijabana sawasawa.

Pendekezo la pili lilikuwa la busara kidogo: kalipa za mkono mrefu, lakini za toleo la zamani, zilizokuwa zimebaki ghalani. Zingefika kwenye rimu. Tatizo ni kwamba leva mlizoniuzia, za breki na gia pamoja, toleo la Tiagra 4700 la kampuni ya Shimano, ni za mfumo mpya unaovuta waya mrefu zaidi kuliko leva ambazo kalipa hizo zilitengenezewa. Zikiunganishwa, raba husogea haraka lakini hubana kwa nguvu ndogo, na mwendeshaji hulazimika kukaza vidole zaidi ili apate breki ile ile. Shimano wenyewe huchapisha majedwali yanayoonyesha leva ipi inakwenda na kalipa ipi. Duka linalouza vipuri vyao lingepaswa kuwa na jedwali hilo kaunta.

Jedwali hilo hilo lingewaepusha na kosa la pili. Kibadilisha gia mlichonipa ni Tiagra 4600. Vyote viwili, 4600 na 4700, vina gia kumi kwa nyuma, na mhudumu aliniambia "kumi ni kumi". Sivyo. Toleo la 4700 lililotoka mwaka 2015 lilibadilisha urefu wa waya unaovutwa kwa kila mbonyezo, na leva zake haziendani na vibadilisha gia vya gia kumi vilivyotangulia. Kwangu cheni inaruka kupita gia ninayoitaka, na hakuna kukaza waya kunakoweza kurekebisha hilo.

Kuhusu bango lenu la "Bidhaa zikishauzwa hazirudishwi": sijabadilisha mawazo. Niliomba kitu kimoja, nikapewa kingine. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa kinahusu hali kama hii, pale mnunuzi anapomweleza muuzaji matumizi anayoyakusudia na kuutegemea ujuzi wake. Ibara ya 46 ya Katiba nayo inampa mtumiaji haki ya bidhaa za ubora unaofaa, ya kupewa taarifa anazohitaji, na ya kulindwa afya na usalama wake.

Ninachoomba ni kalipa mbili za milimita 47–57 zinazoendana na leva za 4700, pamoja na kibadilisha gia cha nyuma cha 4700. Kama hamna, nirudishiwe fedha za vipuri hivyo vitatu na gharama ya kuvileta. Leva, cheni na pedali nabaki navyo, havina kasoro. Pia naomba barua fupi inayothibitisha kwamba fundi wenu ameelekezwa asimshauri tena mteja yeyote kukwangua mikono ya breki. Hili la mwisho sitaliacha hata nikirudishiwa fedha zote.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nisipolipata, nitafungua madai katika Mahakama ya Madai Madogo, Milimani. Kalipa na kibadilisha gia nimevirudisha kwenye maboksi yake. Mjumbe wenu anaweza kuvichukua siku yoyote ya kazi baada ya saa kumi na moja jioni, ila apige simu kwanza, kwa sababu bawabu wetu hapokei mizigo.

Wenu mwaminifu,
Mteja (jina na nambari ya simu vimo kwenye stakabadhi)