Kaka, nyumba ya babu isivunjwe

Kaka yangu, shikamoo. Ujumbe wako wa kutaka kuivunja nyumba ya babu nimeupata, pamoja na ramani ya nyumba mpya: tofali za saruji, bati la msauzi, fremu za kupangisha upande wa barabarani. Nimeona nikujibu hadharani, kwa sababu jambo hili si la ukoo wetu pekee. Mikindani, mji wetu wa kale wa pwani karibu na Mtwara, umejaa nyumba kama ya babu, na kila familia imegawanyika: huyu anataka kuvunja, yule anasema tusubiri.

Jumamosi nilishuka Mikindani, na kabla ya kwenda kuitazama nyumba nilipanda kwanza Bomani. Unakumbuka boma lile lilivyokuwa gofu, tukikatazwa kulisogelea. Wajerumani walilijenga mwaka 1895, wakachagua mahali pa juu ili ghuba yote iwe chini ya macho yao. Sikwenda kuwasifu. Boma lilikuwa nyumba ya amri na kodi, na waliopandishwa pale hawakupanda kwa hiari. Lakini ukisimama uani ukaangalia kuta zenyewe, unaona ufundi ambao haukutoka Ujerumani. Mawe ya matumbawe, chokaa, boriti, mlango wa nakshi: hayo ni ya pwani hii, na waashi wa pwani hii walikuwa wakijenga hivyo karne nyingi kabla ya Mjerumani kushusha nanga. Nilipitia picha za zamani na maelezo yake taratibu. Wakubwa wana vyeo na majina. Aliyechoma chokaa hana jina, na kazi yake ndiyo iliyosimama hadi leo.

Gofu lile lilifufuliwa miaka ya 1990 mwishoni na Trade Aid, shirika la hisani kutoka Uingereza, na sasa ni hoteli ambayo mgeni anaweza kuingia akatembezwa. Hilo ndilo nililotaka ulifikirie, Kaka. Jengo lile limezidi nyumba ya babu kwa ukubwa na lilichakaa vibaya, lakini hakuna aliyesema livunjwe lijengwe la bloku.

Sasa nikueleze kuhusu ukuta wetu, maana hapo ndipo mafundi wa siku hizi wanapotupotosha. Jiwe la matumbawe lina vitundu na lina chumvi ya bahari ndani yake. Linanyonya unyevu kutoka ardhini na kwenye mvua, kisha linautoa taratibu. Lipu ya chokaa inauruhusu unyevu huo kutoka, ukuta unapumua. Lipu ya saruji inauziba. Maji yanabaki ndani, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu na kuisukuma, mwisho lipu inabanduka pamoja na uso wa jiwe. Nenda kautazame ule ukuta wa upande wa mnazi uliopigwa saruji na mpangaji wa mwisho. Umeoza, ndiyo. Lakini ukuta wa chumba cha bibi, ambao haujaguswa tangu upakwe chokaa, umenyooka. Nimeugonga kwa mkono wangu kuanzia mlangoni hadi dirishani. Kwa hiyo fundi anayekwambia nyumba nzima imekwisha ameangalia ukuta mmoja tu.

Kilichokwisha kweli ni paa. Boriti za mikoko zilizolowa miaka yote hii zimelainika, na mbili juu ya ukumbi zimeanguka. Nyumba ya mawe ikikosa paa, mvua huingia juu ya ukuta na kuosha chokaa iliyoshika mawe, na kuanzia hapo haichukui muda.

Halafu mlango. Nimesikia kuna mtu ameshaulizia bei, na kwamba mteja wake yuko nje ya nchi. Tafadhali, Kaka, hapo sikubali kabisa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda milango ya nakshi iliyochongwa hapa nchini kabla ya mwaka 1940, na haisafirishwi nje bila kibali. Hata sheria ingekuwa haipo, mlango ule ndio uliopitisha jeneza la babu na maharusi wote wa nyumba ile, wifi akiwemo.

Hoja yako ya fedha, kwamba fremu zitaleta kodi, naiheshimu. Najua Mikindani haijatajirika tangu meli zilipohamia Mtwara. Bandari ya kina kirefu ilijengwa kule kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, karanga zenyewe zikashindwa baada ya miaka michache, lakini bandari ikabaki na biashara ikaifuata. Baba naye akaifuata, kama wenzake. Nyumba hazikuachwa kwa kudharauliwa, ziliachwa kwa sababu kazi ilihama. Leo wageni wanapanda Bomani, wanashuka mjini kutafuta nyumba za kale, na wanachokuta ni magofu yaliyofungwa kufuli. Vyumba viwili vya mbele vikitengenezwa kwa chokaa, baraza likasafishwa, tutapata wapangaji kama fremu zako zitakavyopata, na nyumba itabaki.

Ninachoomba ni kidogo. Usilete watu wa kubomoa mwezi huu. Tuweke paa la makuti kwa sasa juu ya ukumbi na chumba cha bibi kabla mvua za Desemba hazijaanza. Makuti na miti ya kuanzia nitanunua mimi. Yupo mwashi mzee huku Mikindani anayejua kuchoma na kulowesha chokaa, amekubali kuja kupima ukuta ulioharibika na kusema ni mawe gani yang'olewe. Njoo siku hiyo, umsikilize wewe mwenyewe, na uje na ramani yako tuiweke mezani.

Msalimie wifi na watoto. Waambie shangazi yao atawapeleka Bomani wakifika.

Mdogo wako.