Babu wa safu ya nyuma asitoke na ukungu

Mhariri,

Wengi hapa Dodoma wanaogeuza mapenzi ya kamera kuwa biashara ya picha za familia hukwama kwenye kundi kubwa: wajukuu wa mbele wako wazi, babu nyuma ana ukungu. Tundu la lenzi limefunguliwa mno. Safu zikiwa tatu, weka f/8 (tundu dogo zaidi, ili safu zote zitoke wazi) na kasi ya sekunde 1/200, lenga macho ya safu ya kati. Piga angalau mara 10. Kuna mtoto atafumba macho tu. Jua la saa 6 mchana huchimba vivuli machoni, subiri saa 11 jioni. Upepo wa kiangazi ukivuma, usibadilishie lenzi nje: vumbi likitua kwenye sensa (kipande ndani ya kamera kinachonasa picha), kila anga litakuwa na madoa. Nusu ya malipo ipokelewe kabla.

Mpigapicha, Dodoma