Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: upele utibiwe kwa kaya nzima

Ndugu Mganga Mkuu,

Ninakuandikia kwa heshima, nikiwa mzazi na mkazi wa karibu na mwalo wa wavuvi katika Wilaya ya Ilemela, kuhusu namna upele, yaani ugonjwa wa kuambukiza unaoletwa na mdudu anayechimba ndani ya ngozi, unavyotibiwa katika zahanati zetu. Naelewa kwamba mezani kwako yapo malaria, kichocho na afya ya mama wajawazito, na kwamba mtu anayejikuna huonekana hana dharura. Hata hivyo, upele ni ugonjwa unaopona kwa dawa inayofahamika, na unaendelea kuzunguka majumbani mwetu kwa sababu anatibiwa mmoja huku wengine wakiachwa nao.

Mtoto wangu wa darasa la pili alitokwa na vipele katikati ya vidole, kiunoni na kwenye makalio, na mwasho ulizidi usiku hata asubuhi tukakuta madoa ya damu kwenye shuka. Katika zahanati tuliyokwenda, mtoa huduma aliandika kwenye daftari "ugonjwa wa ngozi", akatupatia vidonge vya kupunguza mwasho, na kwa kuwa dawa ya kupaka ilikuwa imekwisha, akatuelekeza tukanunue krimu dukani. Mikono ya mtoto hakuishika wala kuitazama. Hakuuliza pia kama nyumbani yupo mwingine anayejikuna, na walikuwapo wawili: mdogo wake wanayelala kitanda kimoja, na bibi yao. Simlaumu kwa ukali, kwa sababu alikuwa peke yake na benchi la nje lilikuwa limejaa, lakini kuitazama mikono na kuuliza swali lile kusingemchukua hata dakika moja.

Krimu tuliyouziwa dukani ilikuwa ya mchanganyiko: steroidi, dawa ya fangasi na antibiotiki ndani ya tyubu moja. Steroidi hutuliza mwasho lakini haimuui mdudu wa upele anayechimba ndani ya ngozi, na mwenye fangasi akiipaka, alama zake hubadilika sura hata mganga anayefuata ashindwe kuzitambua. Hapa ziwani tyubu hiyo hiyo hupewa mwenye mapunye, mwenye pumu ya ngozi, na hata kijana aliyewashwa miguu baada ya kuingia majini, ambaye pengine ngozi yake imepenywa na vijidudu vya kichocho. Hayo ni magonjwa tofauti, na kila moja lina tiba yake.

Familia yangu ilipona tulipofika kituo cha afya kingine, ambako tabibu alimsogeza mtoto dirishani penye mwanga na kumtanua vidole kimoja kimoja. Tulipewa benzili benzoeti, dawa ya kupaka inayoua wadudu wa upele, ya kutosha nyumba nzima, tukaelekezwa kuichanganya na maji kwa ajili ya watoto, kuipaka kuanzia shingoni hadi nyayo na chini ya kucha, wote usiku mmoja, kisha kufua nguo na mashuka kwa maji ya moto. Vitu visivyofulika tulivifunga kwenye mfuko kwa siku kadhaa, kwa kuwa mdudu huyo hadumu muda mrefu nje ya mwili wa binadamu. Tuliambiwa pia kwamba mwasho unaweza kuendelea wiki kadhaa hata baada ya wadudu kufa. Wengi hawaambiwi hilo, hivyo hudhani dawa imeshindwa na kurudi kwenye krimu ya dukani.

Shirika la Afya Duniani liliingiza upele katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele mwaka 2017, kwa hiyo siombi jambo geni. Naomba kwanza maelekezo ya maandishi kwa waganga wafawidhi wa zahanati zote, kwamba anayefika na dalili za upele atazamwe mwili, aulizwe anaoishi nao, na dawa itolewe kwa hesabu ya kaya. Agizo hilo litabaki karatasi tu iwapo maombi ya dawa yanayopelekwa Bohari ya Dawa yataendelea kuhesabu mgonjwa mmoja aliyeandikwa daftarini. Naomba pia halmashauri zetu zipeleke matabibu wachache kusomea magonjwa ya ngozi katika kituo cha mafunzo kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kisha warudi kuwaelekeza wenzao.

Lipo jambo moja ambalo mgeni wa pwani hii anaweza asilione. Wavuvi wa dagaa hulala kambini, wengi katika kibanda kimoja, wakibadilishana mablanketi. Aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hadi sita kabla ya kuanza kuwashwa, kwa hiyo baba hurudi nyumbani na upele ambao yeye mwenyewe haujui. Siku ambazo mtoa huduma anawakuta mama na watoto pekee, tiba ya kaya haikamiliki. Lakini mbalamwezi inapokuwa kubwa, taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri, mitumbwi hupumzishwa na wanaume huwa nyumbani. Naomba wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapangiwe kutembelea mitaa ya mialoni katika siku hizo, wakiwa na dawa ya kutosha watu wote wa nyumba na ya kambi wanakorudi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mzazi, mkazi wa Ilemela, Mwanza