Asante, mama wa koti la kijani

Jina hukututajia, mama, kwa hiyo shukrani tunazitoa hapa mbele za watu. Ilikuwa Aprili, njia ya Falling Waters kule New Hampshire, Marekani, chini kidogo ya maporomoko ya Cloudland. Mwenzetu alikatikiwa mpira wa ile minyororo ya meno inayovaliwa juu ya buti, na mbele yake mteremko wote ni barafu tupu.

Kwanza ulimwambia ashike mti, asisogee. Ukapita chini yake, ukachonga vidato kwa shoka la barafu, kila kimoja kikiinama kidogo kuelekea mlimani ili mguu usichomoke. Kisha ukatoa vibanio vya plastiki, vile vya kufungia nyaya, ukapitisha viwili kwenye pete za mnyororo na kuvikaza juu ya buti. Chini ya soli, ulisema, mawe yangevisaga mara moja.

Tulipotaka kukwepa barafu kwa kupita pembeni, ulitukataza. Theluji iliyokanyagwa majira yote ya baridi hushindiliwa, ikachelewa kuyeyuka. Ya pembeni ni laini, unazama hadi pajani na goti ndilo linaloumia. Kwenye kijito uliidunga theluji kwa fimbo, fimbo ikazama bila kugusa kitu, kumbe chini patupu, ukatupeleka juu zaidi penye mawe.

Mungu akuzidishie. Nanyi mnaopanda huko masika yao, tieni vibanio vinne mfukoni, maana mpira hukakamaa kwa baridi na hukatikia pale palipotobolewa kupitisha pete.